Kukatika na Kukatwa: Habari ya Waya, Mnara na Nyumba ya Mpemba

Neno simu lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiajemi, ambako sim ni fedha na pia ni uzi wa madini. Kwa hiyo zamani simu haikuwa chombo cha kushikwa mkononi wala cha kuwekwa sikioni. Ilikuwa waya wenyewe, na kwa kupanuka maana, ilikuwa habari iliyopita katika waya huo. Mtu aliyepelekewa telegramu alisemwa kuwa ameletewa simu. Tangu siku hizo neno hilo limefuatana na kitenzi kimoja kama mtu na kivuli chake: simu hukatika. Vyombo vimebadilika mara nyingi, lakini kitenzi kimebaki. Mzee aliyengojea telegramu na kijana anayerusha matangazo mubashara kwa kompyuta mpakato nyumbani kwao husema neno lilelile: imekatika.

Kitenzi hicho chastahili kutazamwa. Mzizi kata huzaa maneno mawili yaliyo jirani sana. Kukatwa ni kutendwa, na kutendwa hudai mtenda: kimekatwa na nani? Kukatika ni kutendeka, nako hakudai mtenda. Kamba hukatika, mvua hukatika, urafiki hukatika, wala haulizwi mkono uliofanya hayo. Asemaye kwamba mawasiliano yamekatika ametaja tukio akaacha sababu, si kwa hila, bali kwa kuwa lugha imempa mlango wa kupita bila kuhojiwa. Historia ya mawasiliano katika nchi ya mpakani kama Tunduma yaweza kusomwa kama historia ya watu waliotakiwa kugeuza kukatika kuwa kukatwa, yaani kutafuta ni wapi, ni lini na ni kwa sababu gani. Waliofanya hivyo kwa subira walitengeneza. Walioiruka hatua hiyo walilaumu, na mara nyingi waliyemlaumu hakuwa na kosa.

Mpemba, ambayo jina lake lisidhaniwe kuwa la mtu wa kisiwa cha Pemba, ni sehemu ya mji wa Tunduma katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo, na hapo huchepuka barabara ya Isongole iendayo mpaka wa Malawi, ambayo lami yake ilizinduliwa mwaka 2019. Watu wa pande hizo wana ndugu kila upande wa mpaka. Wanyamwanga wako Tanzania na wako Zambia, kwa maana waliochora mpaka hawakuuliza ukoo.

Na ichukuliwe nyumba moja ya Mpemba iliyofikiwa na msiba. Mtoto mmoja wa marehemu yuko Lusaka, mwingine Dar es Salaam, na wa tatu ng'ambo, na nauli ya kumleta kwa siku mbili haipatikani. Kijana wa nyumba huweka kompyuta mpakato juu ya meza barazani, akaelekeza kamera penye jeneza, akaunganisha mashine na simu yake, akaanza kurusha matangazo. Kwa nusu saa mambo huenda vema. Kisha, wakati wa kutoa heshima za mwisho, picha husimama, sauti hukwama, na skrini za ndugu watatu huwa nyeusi. Yakirudi, kaburi limekwisha kufukiwa. Jioni husemwa kwamba kijana amezembea. Hana la kujibu ila lile neno moja, imekatika, na neno hilo halimwokoi. Laiti angejua kwamba swali aliloachiwa lina umri wa zaidi ya karne na nusu, na kwamba njia ya kulijibu ilikwisha kutafutwa na watu waliokuwa na shida kubwa kuliko yake.

Waya wa kwanza wa telegrafu uliovuka Bahari ya Atlantiki ulilazwa mwaka 1858. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani, maneno 98, zilichukua saa 16 kupita. Wildman Whitehouse, tabibu aliyegeuka fundi wa umeme, aliona ishara zikifika dhaifu, akaamua kuzisukuma kwa nguvu zaidi. Yasemwa alitumia msukumo wa volti 2,000 hivi katika waya ambao tayari ulikuwa na kasoro. Baada ya majuma machache waya ukafa. Mtaalamu mwenzake, William Thomson, alikuwa na rai nyingine: umeme upitishwe mdogo, na chombo cha kupokea kifanywe kuwa chepesi wa kuhisi, hata kiweze kuona ishara ndogo kabisa. Ulipofanikiwa waya wa mwaka 1866, ilikuwa kwa rai ya Thomson. Hapo palipatikana funzo la kwanza la elimu hii: njia iliyo nyembamba haipanuki kwa kusukumwa, bali hupasuka.

Funzo la pili lilikuwa la kupima. Mafundi wa waya wa baharini hawakuweza kushuka chini kutazama. Walichojua ni kwamba kila maili ya waya huuzuia umeme kwa kadiri fulani. Basi walipima uzuiaji kutoka pwani moja, wakapima tena kutoka pwani ya pili, wakapiga hesabu, wakajua kosa liko umbali gani. Meli ilitumwa moja kwa moja hadi hapo. Msingi wa kazi yao ulikuwa huu: njia ndefu igawanywe, na kila sehemu ithibitishwe kuwa nzima au mbovu kabla ya kuigusa inayofuata.

Waya wa aina hiyo ulifika Unguja mwaka 1879, ukitokea Aden na kuendelea kusini mpaka Msumbiji na Durban. Bara ilingojea. Cecil Rhodes, aliyetaka Afrika iwe na waya mmoja kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, alianzisha kampuni ya telegrafu kwa kazi hiyo. Waya wake ulipanda kutoka kusini, ukafika Nyasa, ukavuka uwanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, uwanda uleule ambao leo una miji ya Nakonde na Tunduma ubavuni mwake. Mbele yake ilikuwa nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Machi 1899 Rhodes alikwenda Berlin kuonana na Mfalme Wilhelm wa Pili, akapata ruhusa ya kupitisha waya. Ulifika Ujiji, na hapo ukakoma. Rhodes alikufa mwaka 1902, na Cairo haikufikiwa.

Waya wa nchi kavu ulikuwa na maadui wengi kuliko wa baharini. Mchwa walikula nguzo za miti. Katika nyika za Afrika Mashariki twiga walipita wakakokota waya kwa shingo zao, na tembo waliona nguzo kuwa mahali pazuri pa kujikunia. Radi ilipiga na miti iliangukia nyaya. Na binadamu naye alikuwamo. Reli ya Uganda ilipopita katika nchi ya Wanandi mwishoni mwa karne ya 19, waya wa telegrafu ulichukuliwa ukafuliwa kuwa mapambo. Kwa mwenye kuichukua, ile ilikuwa shaba iliyotundikwa hewani katika nchi yake bila ruhusa yake. Kwa serikali, ulikuwa wizi na uasi. Wizi wa waya ulihesabiwa miongoni mwa sababu za kupeleka majeshi kuwaadhibu Wanandi wote, aliyekata na asiyekata. Hivyo hukumu ilifuata tukio bila uchunguzi kuwa kati yake, na aliyekaa karibu na waya akawa ndiye mshitakiwa. Kijana wa Mpemba, aliyelaumiwa kwa kuwa ndiye aliyekaa karibu na mashine, ana wenzake wa kale.

Vita vya 1914 vilionyesha kukatwa kwa kusudi. Siku ya kwanza kabisa ya vita, meli ya Waingereza ilitoka kukata nyaya za Wajerumani zilizopita chini ya bahari karibu na Uingereza. Tarehe 8 Agosti manowari Astraea ilipiga mizinga Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa kituo cha simu ya upepo. Tangu hapo jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, lilipigana miaka minne likiwa mbali na waya wa kwao. Mwishoni mwa Oktoba 1918 jeshi hilo, lililobaki na askari wachache pamoja na wapagazi, lilitoka upande wa Mbozi kuelekea Fife, boma la Waingereza lililokuwa karibu na mahali ilipo Nakonde leo. Lilishambulia Fife mwanzoni mwa Novemba, likashindwa kuliteka, likaendelea kusini hata Kasama.

Mapatano ya kusimamisha vita yalianza Ulaya saa tano ya asubuhi, tarehe 11 Novemba 1918. Habari zilivuka bahari na mabara kwa waya. Lakini safu ya von Lettow-Vorbeck haikuwa penye waya. Ilikuwa njiani, porini. Tarehe 12 risasi zilikuwa zingali zikilia karibu na Kasama. Tarehe 13 askari wake walimkamata Mwingereza mpanda pikipiki, na katika mfuko wake mlikuwa na telegramu ya kwamba vita vimekwisha. Kesho yake, penye Mto Chambeshi, hakimu wa Kasama alimthibitishia habari hizo, na mnara umejengwa hapo kuwa ukumbusho. Jeshi liliweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba.

Tukio hilo lina maana kubwa kwa shabaha ya insha hii. Kutoka Ulaya hadi Afrika ya kati, njia nzima ya maelfu ya maili ilikuwa salama. Kilichokosekana kilikuwa pingili ya mwisho, mwendo wa pikipiki moja katika njia ya vumbi. Na kwa ajili ya pingili hiyo watu waliendelea kubeba mizigo na kupigwa risasi katika vita visivyokuwapo tena. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikuwa wamekufa katika vita hivyo kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Siku mbili za ziada hazikuwa kitu kidogo kwa mwenye mzigo kichwani. Mawasiliano ni kama muwa wenye pingili nyingi: hauulizwi pingili ngapi ni nzima, bali kama ipo hata moja iliyovunjika.

Baada ya vita njia ziliongezeka katika pande za Tunduma. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976, nayo ilivuka mpaka hapo. Mazungumzo ya Tanzania na nchi za mbali yalitegemea zaidi setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, hata maneno ya msemaji yalichelewa kwa muda ambao sikio huutambua. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy, yote miwili ikitia nanga Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 2009 serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliosambazwa mikoani na kuunganishwa na nchi jirani. Upande wa Zambia, mahali pa kuungana ni Tunduma. Njia iliyoshindwa kufika Cairo ilipata warithi, na warithi hao walipita karibu na uwanda uleule, safari hii wakipitisha mwanga katika uzi wa kioo badala ya umeme katika uzi wa shaba.

Warithi hao nao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Miezi michache nyuma yake mikongo mingine ilikuwa imekatika katika Bahari ya Sham, na dhana ikaelekea nanga ya meli iliyopigwa vitani ikiburuzwa chini. Mafundi walitafuta kosa kwa njia ya babu zao: walipeleka mwanga katika uzi, wakapima muda wa mwangwi wake kurudi, na kwa kuwa mwanga hupita katika kioo kwa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, walijua umbali wa mahali pa kosa. Yapo pia makatiko yasiyotafutwa kwa chombo cha fundi. Intaneti ilipokatika nchini kote siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, na kubaki hivyo kwa siku kadhaa, hapakuwa na ruta ya nyumbani ambayo ingezimwa na kuwashwa ikaleta nafuu.

Sasa yafaa kurudi katika baraza ya Mpemba, kwani yote yaliyotangulia yamo mezani pale kwa umbo dogo. Kati ya kamera na macho ya ndugu aliye ng'ambo zipo pingili zisizopungua sita: kompyuta yenyewe, hewa iliyo kati yake na simu au ruta, simu au ruta yenyewe pamoja na umeme wake, mnara, mkongo wa nchi na wa bahari, na mwisho kompyuta kubwa ya wapokeao matangazo na kuyagawa. Mwenye kutafuta kosa sharti aanze karibu aende mbali, wala asiruke. Mwaka 1983 Mmarekani Mike Muuss aliandika programu fupi aliyoiita ping, ambayo hupeleka ujumbe mdogo mahali fulani na kupima muda wa kurudi kwake. Karibu kila kompyuta inayo. Kijana akiielekeza kwenye ruta yake akaona majibu yanapotea, kosa liko ndani ya nyumba, na kuilaumu kampuni ya simu ni dhuluma. Majibu ya ruta yakirudi sawasawa ilhali ya mahali pa mbali yanapotea, basi nyumba ina uwezekano mkubwa wa kuwa haina kosa. Kwa dakika mbili njia imegawanywa, kama mafundi wa pwani mbili walivyogawanya bahari.

Pingili ya kwanza hudanganya wengi. Kompyuta iliyolemewa hushindwa kutengeneza picha kwa wakati, na mtazamaji huona kukwama kulekule ambako angekuona kama njia ingekatika. Lakini programu nzuri za kurushia matangazo huhesabu mbali vipande vya picha vilivyopotea kwa uzito wa mashine na vilivyotupwa kwa ubovu wa njia. Hesabu ya kwanza ikipanda, dawa ni kufunga programu nyingine, kupunguza ukubwa wa picha, kuiweka mashine penye hewa isichemke, na kuichomeka katika umeme, kwa sababu mashine inayotumia betri hujipunguzia nguvu na huweza kukilaza hata chombo chake cha Wi-Fi ili kubana matumizi. Hesabu ya pili ikipanda, mashine haina kosa, na uchunguzi uendelee mbele.

Pingili ya hewa ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Ukuta wa tofali, bati na umati wa watu hupunguza mawimbi, na katika msiba vyote vitatu vimo. Waya ukipatikana kati ya ruta na kompyuta, na utumike. Hata simu yaweza kuunganishwa kwa waya wake wa kuchajia badala ya hewa. Simu iliyogeuzwa ruta ina hila nyingine: katika mitandao mingi, ikipigiwa, intaneti hupungua au hukatika mpaka mazungumzo yaishe. Na siku ya msiba ndiyo siku ambayo simu ya nyumba hupigwa kuliko siku zote. Basi simu ya kurushia matangazo iwe na laini ambayo watu hawaijui. Ruta ya ukutani nayo, umeme ukikatika, hufa palepale hata kama kompyuta inaendelea kwa betri yake, na mtazamaji hawezi kujua tofauti. Betri ndogo ya ruta huziba pengo hilo.

Tunduma ina jambo lake peke yake. Kadiri mtu akaribiavyo mpaka, simu huweza kuuacha mnara wa Tanzania ikaushika wa Zambia bila kumwuliza mwenyewe. Wakati wa kuhama njia hukatika, na ikishahamia huko, bando lililonunuliwa nyumbani huenda lisifanye kazi. Dalili yake ni nzuri kwa ajabu. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, hivyo saa ya simu inayojirekebisha yenyewe hurudi nyuma ghafula. Mwenye kuona saa yake imerudi ajue kwamba simu imevuka mpaka hali miguu haijavuka. Dawa ni kuiamuru simu ishike mtandao mmoja uliochaguliwa kwa mkono, badala ya kuachiwa ichague.

Yabaki kosa la Whitehouse, nalo hufanywa kila siku. Watu hupima kasi ya kushusha, ambayo ndiyo hutangazwa, na kusahau kasi ya kupandisha, ambayo ndiyo hubeba matangazo na aghalabu ni ndogo zaidi. Picha ya mistari 720 yenye mwendo wa vipande 30 kwa sekunde huhitaji megabiti 3 hivi kwa sekunde. Njia ikiweza kupandisha megabiti 4 asubuhi, jioni mnara ukijaa watu huenda ikaweza 2. Mwenye kushikilia 3 atakuwa anasukuma waya wa 1858. Mashine hupanga foleni ya vipande visivyopita, foleni hurefuka, mwisho vipande hutupwa na muunganisho huachiliwa. Kanuni ya salama ni kutumia nusu tu ya kile kilichopimwa, na kupima katika saa ileile ambayo matangazo yatafanyika, si usiku wa manane. Njia ikiwa megabiti 2, picha ndogo ya megabiti 1 isiyokatika ni rehema kubwa kuliko picha nzuri inayokufa kaburini. Kwa sauti, kilobiti 128 zatosha, na katika mazishi sauti ndiyo nusu ya ibada.

Hesabu hiyo hiyo hufichua sababu nyingine isiyo ya ufundi. Megabiti 3 kwa sekunde hula gigabaiti 1.35 hivi kwa saa. Ibada ya saa tatu hula zaidi ya gigabaiti 4. Aliyenunua bando la gigabaiti 2 ataona matangazo yakikatika baada ya saa moja na nusu hivi, atazima na kuwasha ruta, atahamisha meza, ataulaumu mnara, ilhali kilichokwisha ni bando. Hapo kukatika kuna mtenda, na mtenda ni hesabu ambayo haikupigwa.

Zaidi ya hayo ipo desturi ya vituo vya telegrafu iliyo bora kuliko chombo chochote: daftari. Karani aliandika saa ya kila ujumbe na saa ya kila katizo. Makatizo yakija kila jioni, mnara umejaa. Yakija kila baada ya muda uleule, kuna chombo kinachojizima kwa amri yake. Yakija mvua inaponyesha au simu inapolia, jibu limekwisha kuandikwa. Asiyeandika hukumbuka uchungu tu, wala uchungu hautaji saa. Tena karani alibaki na nakala ya ujumbe alioupeleka. Kompyuta nayo yaweza kuhifadhi picha zote ndani yake wakati uleule inapozirusha, kwa amri moja iliyotolewa kabla ya kuanza. Njia ikifa, kumbukumbu haifi. Mtoto aliye ng'ambo hataona maziko ya baba yake saa ileile, lakini atayaona.

Haidaiwi kwamba elimu hii huzuia kila katizo. Nanga itaburuzwa baharini, radi itapiga, na zipo amri zinazotoka mbali kuliko mkono wa fundi ufikavyo. Hata von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa jemadari, hakuweza kuileta pikipiki mapema. Faida ya uchunguzi si kuondoa ajali, bali ni kutenganisha ajali na uzembe, na uzembe wa huyu na uzembe wa yule. Wanandi waliadhibiwa pamoja kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kuuliza ni mkono upi uliochukua waya. Katika nyumba yenye msiba adhabu haina bunduki, lakini neno la kwamba fulani alitunyima kumzika baba hukaa katika ukoo miaka mingi, na hupita mpaka wa Tunduma bila pasi.

Basi nyumba ile ya Mpemba, kabla ya kutoa hukumu, ingemtaka kijana afungue daftari lake. Kama ameandika kwamba saa nane na dakika kumi simu ilipigiwa na matangazo yakasimama, aliyepiga atajijua, na kijana atajua la kufanya safari ijayo. Kama hakuandika kitu, kosa lake ni hilo, wala si lile aliloshitakiwa. Kukatika ni neno la kuanzia uchunguzi. Kwa karne na nusu limetumiwa mno kuumalizia.